Dalali wa Mkungu Mmoja

Zamani, ukifika msibani Kagoma ukasikia wanaume wanacheka nyuma ya nyumba, hukuwa na haja ya kuuliza. Dalali ameshafika. Si kwamba hakuwa na heshima. Alilia kuliko baadhi ya wafiwa, machozi ya kweli kabisa, kisha akajifuta kwa mkono wa koti na kuuliza nani amekabidhiwa nyama. Sasa naye hayupo, na misiba ya Kagoma imepoa sana. Watu wanazikana kimya kimya na kurudi nyumbani mapema.

Nilimjua kwanza kama jirani wa wazazi wangu. Baadaye nikahamia Buhembe, nikapata kazi na, kwa bahati mbaya, nikanunua pikapu. Tangu siku hiyo akawa bosi wangu. Alikuwa akinipigia simu asubuhi na kuuliza, "Mwana wange, gari lina mafuta?" Hakuwahi kuuliza kama mimi nina nafasi. Nikisema niko kazini, aliniambia kazi ipo tu, wala haina miguu ya kukimbilia mahali, na nikijitetea zaidi alianza kuisalimia familia yangu nzima, mmoja mmoja, mpaka salio langu la ubishi likaisha nikachukua ufunguo.

Jina la Dalali lilitokana na kazi yake ya Jumapili. Siku nyingine alikuwa mkulima wa kahawa na migomba kama sisi, tena mkulima wa wastani, ingawa angekuwapo hapa angedai nilete ushahidi. Lakini misa ikiisha, waumini wakisimama uwanjani na mazao ya sadaka yakiwa yamepangwa mezani, jogoo, nanasi, maharage, mkungu wa ndizi, mzee yule mwembamba alipanda kwenye kiti na kugeuka mtu mwingine. Sauti yake ilifika barabarani, na wapita njia walikuwa wakiharakisha mwendo wasije wakatajwa majina.

Kwetu mnada wa kanisani una adabu yake. Ukishinda jogoo, humbebi ukaenda zako kama mtu aliyenunua sokoni. Unalipa, unapigiwa makofi, kisha unasema, "Irudi mezani," na jogoo anauzwa tena. Atakayemchukua kweli ni yule wa mwisho, naye hutazamwa kwa jicho la pembeni. Niliwahi kumwona Dalali akiuza yai moja mpaka likapata bei ya kuku aliyelitaga. Mnunuzi wa mwisho akaliangusha kwa furaha. Dalali akainama, akaokota maganda, akauliza nani anaanza.

Siri yake ilikuwa majivuno yetu. Sisi Wahaya tunatajwa nchi nzima kwamba tunajisifia usomi, na mimi sikanushi, maana nimesoma. Dalali hakuwahi kumwomba mtu fedha. Alikuwa anatangaza tu, "Hapa naona wenye digrii wameinama. Labda wanatafuta funguo." Wenye digrii walinyanyua vichwa na mikono kwa pamoja. Desemba, watu walipokuja likizo kutoka Dar es Salaam na magari yao, alikuwa anashindwa kulala kwa furaha.

Nimewaeleza haya ili mjue ni mtu wa namna gani aliyeamua, akiwa mzee, kuchangisha fedha za utafiti wa kisayansi. Alitaka kujua jambo moja kabla hajafa: ebitoke, ndizi zetu hizi za kupika tunazokula tangu tunaota meno, vinamfanya nini mgonjwa wa kisukari?

Yeye mwenyewe alikuwa na sukari, na sijaona mgonjwa mkaidi kama yeye. Chai yake haikuwa na sukari kwa sababu alikuwa anainywa pamoja na soda. Ndizi mbivu alikula akisema anaziokoa zisioze. Rubisi, pombe yetu ya ndizi, hakuinywa kamwe. Aliionja tu, kwa niaba ya wenzake, na kuonja kwenyewe kulichukua mchana mzima. Siku ya kliniki Bukoba alikuwa wa kwanza kuwakaripia wagonjwa wenzake. "Wewe, naona mashavu yanang'aa. Ulikula keki ya kipaimara?" Wakati huo mfukoni mwa koti lake kulikuwa na kipande cha keki ile ile, kimefungwa kwenye karatasi.

Kitu kimoja tu hakugusa. Ukimwekea ebitoke, hata vilivyopikwa na maharage na kufunikwa kwa jani la mgomba mpaka jirani anameza mate, alisukuma sahani taratibu na kuomba wali. Mhaya anayekataa ebitoke ni jambo la kuitia kikao. Watu walisema amezeeka, wengine wakasema amerogwa. Mimi nilidhani ni maringo.

Kumbe sababu ilikuwa mkewe. Sisi majirani tulimwita Mama, na yeye ndiye aliyeanza kuugua sukari, miaka kadhaa kabla ya mumewe. Kliniki walimpa karatasi ya lishe yenye picha ya sahani: ugali kidogo, mkate wa kahawia, tufaha jekundu. Tufaha, Kagoma! Ebitoke havikutajwa. Dalali akamuuliza muuguzi, na muuguzi, kwa nia njema, akasema kwa vile hana hakika ni afadhali waache kabisa. Dalali akarudi na karatasi nyumbani na kuibandika kwenye mlango wa jiko.

Hayo mengine alinisimulia mwenyewe siku moja tukitoka Nshamba, mvua ikinyesha, vifuta kioo vya pikapu yangu vikifanya kazi upande mmoja tu. Nilikuwa nimemtania kuhusu kukataa chakula cha wenyeji wetu. Akafuta ukungu wa kioo kwa mkono wa koti, kisha akaanza.

"Mimi ndiye niliyemnyima. Nilijifanya daktari. Nilipika ugali mwenyewe, majirani wakinicheka, mwanaume na mwiko. Kila jioni ananiambia, 'Bojo, tafadhali, ndizi mbili tu.' Namwonyesha mlango. Namwambia karatasi imekataa."

"Ulikuwa unamlinda, Taata," nikasema, nikimwita baba kwa Kihaya.

"Alikula ule ugali kama mtoto anayepewa kwinini. Sukari ikaendelea, ikaingia kwenye figo. Wiki ya mwisho akaniomba tena. Ndizi mbili, za maharage. Nikamwambia, ukipona." Akageukia dirisha. "Hakupona."

Nikapunguza mwendo. Nilimpenda sana mzee huyu dakika ile, na nilimwonea huruma. Baada ya muda nikamuuliza, "Sasa huo utafiti unaouchangishia, unataka utoe jibu gani? Wakisema ebitoke vinadhuru, ulifanya sawa. Wakisema havidhuru..."

"Nataka jibu," akasema. "Likiwa baya ni langu, nitalibeba. Ila sitaki kufa nikiwa nabahatisha. Simamisha gari, yule mama anauza ndizi mbivu."

Aliyemletea wazo la utafiti ni daktari mmoja kijana, binti wa Nshamba, aliyekuwa akisomea shahada ya uzamili. Bibi yake alikatwa mguu kwa sababu ya sukari, na yeye alikuwa amejiapiza kushughulika na ugonjwa huo na madhara yake. Siku moja alikuja kliniki kuzungumza na wagonjwa, na sisi tuliowasindikiza. Dalali akamuuliza kwa sauti ile ile ya mnada kama ebitoke vimewahi kupimwa.

"Vya kwetu, vilivyopikwa kama tunavyopika sisi, kwa wagonjwa wa huku?" Daktari akatabasamu kwa uchovu. "Taata, mimi sijapata jibu ninaloliamini. Ndilo swali ninalotaka kulifanyia utafiti. Nimewaandikia wafadhili. Wananiambia ni swali dogo."

Dalali alisimama kama mtu aliyetukanwa ukoo. "Dogo? Ebitoke ni kitu kidogo?"

Benchi zima likaguna. Daktari akaeleza kwamba hahitaji jumba wala mitambo. Anahitaji vipimo vya damu, nauli za watu watakaoshiriki, na chakula kitakachopikwa na kupimwa kwa namna moja. Kibali cha kufanya kazi hiyo alikuwa nacho. Kilichokosekana ni fedha. Dalali alinigeukia mimi, niliyekuwa nimemleta kwa hisani tu, na kuuliza, "Mwana wange, gari lina mafuta?"

Kikwazo cha kwanza kilikuwa Paroko. Kanisa lilikuwa linaezekwa upya, na Paroko hakutaka mnada mwingine uwanjani kwake.

"Dalali," akasema, "watu wanachangia paa, wewe unataka kuwauzia ndizi kwa ajili ya sukari?"

"Baba Paroko, paa litakamilika, utakaa chini yake na nani? Waumini wako nusu wanapima sukari. Tena wengine ni watu wakubwa, sitaki kuwataja, wanaficha dawa kwenye kabati la sakristia."

Paroko alikohoa kidogo. Ruhusa ikatoka kabla hatujamaliza chai, kwa sharti kwamba kiuzwe kitu kimoja tu. Paroko alidhani amembana. Hakumjua vizuri. Kitu kimoja kilikuwa kingi mno kwa Dalali.

Akachagua mkungu wa ndizi kutoka kibanja chake cha migomba, mkubwa, wa kijani kibichi, tukaupakia kwenye pikapu na kuuzungusha. Pale Kagoma uliuzwa na kurudi mezani, ukauzwa na kurudi, mpaka mpiga kinanda akanunua na yeye. Jumapili iliyofuata tukaupeleka Nshamba. Huko ndiko kijana mmoja aliyezaliwa Dar es Salaam, kaja na wazazi wake kula Krismasi, alitaja bei ya juu, akalipa, akapigiwa makofi, kisha akaubeba mkungu na kuupakia kwenye buti la gari lake.

Mama yake kijana alifunika uso kwa kitenge. Dalali alishuka kwenye kiti, akamfuata taratibu, akagonga kioo.

"Mwana wange, hongera. Sasa nipe ndizi zangu."

"Lakini si nimenunua?"

"Ulichonunua ni makofi. Yalikuwa mazuri, au hukuyasikia? Kama hukusikia tutakupigia tena."

Kijana akacheka, akarudisha, na baba yake kwa aibu akaununua mkungu ule ule papo hapo kwa bei ya kufuta aibu. Njiani Dalali alisema vijana wa Dar waletwe wengi zaidi.

Tulipofika Bukoba mjini, ndizi zilishaanza kugeuka njano. Pale Dalali alikuwa na rafiki ambaye yeye alimwita mshindani, mwenye duka la vitenge, Mwislamu ambaye babu zake walitoka pwani, na ambaye sote tulimwita Haji. Haji alitukaribisha kwa kahawa na kashata, kisha akaona mkungu.

"Mzee mwenzangu, mimi si wa parokia yako."

"Na sukari yako ni ya parokia gani, Haji?"

Haji alicheka mpaka akaegemea mabunda ya vitenge. Akanunua. Halafu, kwa kuwa alikuwa ameishi nasi maisha yake yote, akasema kwa madaha, "Irudi mezani," na akawaita wenye maduka ya jirani. Zilipoiva kabisa Dalali aliuza ndizi moja moja. Ya mwisho aliila yeye kwenye gari langu, akanipa ganda nitupe.

Hivyo ndivyo fedha za daktari zilivyopatikana. Sasa sikilizeni jinsi mzee huyo huyo alivyouharibu utafiti wake kwa mkono wake mwenyewe.

Siku ya kwanza ilipangwa kufanyika kwenye ukumbi wa parokia, Kagoma. Watu waliojitolea waliambiwa wazi, kwa Kiswahili na kwa Kihaya, waje asubuhi bila kula wala kunywa kitu isipokuwa maji. Dalali alizunguka nyumba kwa nyumba kuwakumbusha. Aliwatishia wale wanene na kuwabembeleza wale wembamba. Asubuhi hiyo alivaa suti. Alijiona ndiye mwenyeji wa sayansi yote, akasimama mlangoni kupokea watu.

Na mwenyeji wa Kihaya anampokeaje mgeni? Anampa kahawa ya kutafuna. Ni zile buni zilizochemshwa na kukaushwa, zinakaa kwenye kikapu kidogo, mgeni anachota kadhaa na kuzitia mdomoni. Mtu hawezi kuingia bila hizo. Ni kama kumfungia mlango. Dalali alikuwa na kikapu chake cha harusi. Kila mshiriki aliyefika alipewa mkono na kahawa.

Daktari alikuwa ndani anapanga vijisindano vyake. Alipoinua kichwa akaona ukumbi mzima, mistari kwa mistari, taya zinatembea.

"Mnatafuna nini?" akauliza polepole.

"Hatujala kitu, Daktari," mama mmoja akajibu kwa fahari. "Tuna njaa kama ulivyotaka."

"Mdomoni kuna nini, Mama?"

"Kahawa."

Daktari alikaa chini kwenye sakafu, palepale, na koti lake jeupe. Dalali akaingia na kikapu, akidhani ameanguka kwa njaa, akamnyooshea na yeye.

"Taata, nilisema wasitie kitu mdomoni!"

"Ulisema chakula na kinywaji. Kahawa si chakula. Kahawa ni salamu."

Daktari alimtazama, mdomo ukamcheza, na nikaona wazi kwamba hajui kama alie au acheke. Akafanya yote mawili. Siku ile ilikwisha hivyo. Nauli zilikuwa zimeshalipwa, chakula kilishapikwa, na washiriki, kwa kuwa walikuwa na njaa kweli, wakakila chote. Nilimfikisha Dalali nyumbani. Hapo akanishika bega na kusema, "Tunaanza upya. Ila nadhani mkungu wameuchoka."

Kitu cha pili alichouza hakukipanga. Tulikuwa tumerudi Nshamba na daktari, na Dalali alikuwa amesimama tangu misa ya kwanza, anatania, anauza jogoo wa mtu. Jua lilipokuwa kali aliomba apumzike kwenye gari. Nilipofungua mlango niliona damu kwenye sakafu ya pikapu, alama ya soli yake.

"Taata, umeumia!"

"Wapi?" akauliza, na akatazama mikono yake.

Daktari alikuja mbio, akamvua kiatu. Ndani kulikuwa na kizibo cha soda, meno yake yamekwama kwenye unyayo. Alikuwa amekikanyaga tangu asubuhi, barabara nzima, mnada mzima, na hakuhisi chochote. Daktari aliosha kidonda akiwa amebana midomo. Nilijua anamfikiria bibi yake. Mimi niliogopa sana, nikawa namkaripia mzee kama mtoto wangu. Yeye alikuwa anakitazama kizibo.

"Usikitupe," akasema.

Akapanda kwenye kiti na mguu mmoja umefungwa bandeji, akainua kiatu juu. "Jamani wa Nshamba! Kiatu kimoja, kimetumika, ndani kina kizibo, na soda niliinywa mwenyewe, daktari asisikie. Nani anaanza?"

Watu walivunjika mbavu. Kisha daktari akaomba aseme kidogo. Akawaeleza, bila kupaza sauti, kwamba sukari ikikaa juu muda mrefu inaweza kuua hisia za miguu, na kwamba huyu mzee alitembea na chuma kwenye nyama akidhani yuko salama. Mwanaume mmoja mstari wa mbele akainama na kuvua viatu vyake kujikagua nyayo. Akafuata mwingine. Baada ya muda nusu ya wanaume walikuwa pekupeku, na wake zao wakiwakagulia. Nilivua vya kwangu pia.

Kiatu kilirudi mezani mara nyingi kuliko yai lile. Kilifika mpaka Bukoba, na Haji, aliyekataa kukirudisha, alikiweka dukani kwake juu ya mabunda na kuwaambia wateja ni cha maonyesho, hakiuzwi. Dalali alipoteza vidole viwili kwa kile kidonda, akaanza kutembea na fimbo. Fedha zilitimia. Siku mpya ya utafiti ilipofika, daktari alimkalisha Dalali nyuma kabisa ya ukumbi, akamnyang'anya kikapu, na kumweka Paroko mlangoni.

Kazi ilichukua miezi. Ilipokwisha, daktari alisema waliochangia wasikie kwanza kutoka kwake, kabla hajaenda kuwasomea wasomi wenzake. Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Haji alikuja na shati jipya. Mimi nilikaa karibu na Dalali, kwa kuwa katika watu wote wale ni mimi tu niliyejua alikuja kusikiliza nini. Mkono wake ulikuwa juu ya fimbo.

Daktari alizungumza vizuri, akichanganya Kiswahili na Kihaya. Alisema utafiti wake ni mdogo, na wengine watapaswa kuuendeleza. Alisema ndizi mbivu ni jambo lingine, na rubisi ni jambo lingine kabisa, wanaume wakaguna. Alisema katika wale aliowapima, ebitoke vibichi vilivyochemshwa, vikiliwa kwa kiasi na pamoja na maharage, havikupandisha sukari kama watu walivyokuwa wakihofia. Akina mama wakapiga vigelegele. Dalali alinyoosha mkono.

"Daktari. Mgonjwa anayemeza dawa zake. Jioni. Ndizi mbili, na maharage."

"Mbili tu?" Daktari alicheka, akidhani ni mojawapo ya mizaha yake. "Taata, mbili zisingemdhuru. Shida yetu ni sahani zinazofanana na mlima."

Ukumbi wote ukacheka, wakamgeukia Dalali wasikie atajibu nini. Alisema, "Asante sana, mwanangu. Umefanya kazi." Akakaa. Paroko akamwomba afunge kwa mnada mdogo, wa kumpa daktari nauli. Dalali akasema sauti imekauka, auze mwingine. Watu wakatazamana. Nilipotaka kumpeleka nyumbani, alikataa gari.

Sikulala vizuri siku zile. Hakunipigia simu, na ndipo nilipogundua nilivyoizoea ile sauti ya kuniharibia ratiba. Jumamosi nikajaza mafuta bila kuulizwa na kwenda Kagoma.

Nilimkuta jikoni, mchana kweupe, anamenya ndizi. Vidole vilikuwa vyeusi kwa utomvu. Mlangoni palikuwa na alama ya mraba, mahali karatasi ilipokuwa imebanduliwa.

"Kakate jani la kufunikia," akaniambia, bila salamu. "Changa. La jana lilikuwa limechanika."

"La jana?"

"Jana niliunguza. Nimesahau kupika hivi vitu."

Nikakata jani. Tukapika pamoja, na alinigombeza juu ya chumvi, juu ya moto, juu ya namna ninavyoshika kisu. Vilipoiva akachukua sahani ya maua, ile ya wageni, akapakua ndizi nne na maharage juu yake, akashika fimbo yake kwa mkono mwingine, akaingia kibanjani. Nikamfuata nikibeba kigoda. Kaburi la Mama lipo nyuma ya nyumba, katikati ya migomba, limezungukwa na nyasi alizozitandaza yeye mwenyewe. Akaketi. Akaweka sahani juu ya saruji.

"Nimekuja kukwambia mwenyewe," akasema, "usije ukalisikia kwa majirani. Daktari kapima. Ni binti wa Nshamba, kasoma sana. Anasema zisingekudhuru." Sauti ikamkatika. Akalia bila kujificha, mabega yakitikisika, na mimi nikalia nimesimama, nimeshika mgomba. "Nisamehe, mke wangu. Nilidhani karatasi inajua."

Tulikaa hivyo mpaka alipotulia. Akajifuta kwa mkono wa koti. Kisha akaisogeza sahani, akazitenga ndizi kwa kidole, mbili huku, mbili kule.

"Hizi zako," akamwambia. "Hizi zangu, na wala usizitazame."

Akamega ya kwake, akaitia mdomoni, akaitafuna taratibu, macho yamefumbwa. Alipomeza, niliona kitu cha zamani kinarudi pembeni mwa mdomo wake.

"Mbili tu, mama," akasema. "Ukitaka ya tatu, itabidi tuchangishe tena."